Hodi Kwanza: Habari za Mtu na Mipaka ya Anayeziomba

*Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Lilisomwa na Afisa wa Elimu, na hapa limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena darasani, polepole.*

Maneno ya ubaoni: hodi, siri, faragha, ruhusa, sheria, mpaka, kipande.

Sogeeni karibu na redio, kila mtu asikie vizuri. Wenye karatasi za somo wazifungue, wafuate kwa kidole.

Juma lililopita tulijifunza kujaza fomu: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Leo twaendelea mbele hatua moja. Twajiuliza: fomu hiyo ikiisha kujazwa, yaenda wapi? Nani huisoma? Je, kila mtu akitaka habari zako ni lazima umpe?

1. Maana ya hodi

Mgeni mwenye adabu akifika nyumbani kwako hasukumi mlango. Husimama nje, akapiga hodi. Ukiitika karibu, huingia. Usipoitika, hupiga hodi ya pili, kisha ya tatu. Halafu huenda zake. Na hata akikaribishwa, mgeni hukaa sebuleni. Haingii chumbani, hafunui chungu jikoni, wala hafungui sanduku la mwenyeji wake.

Hakuna asemaye kwamba mtu afungaye mlango wake ni mwizi. Mlango hufungwa kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Basi hiyo ndiyo maana ya neno faragha: ni sehemu ya maisha yako ambayo mwingine haingii mpaka apige hodi, nawe umwitikie.

Zamani mambo ya faragha yalikaa ndani ya nyumba, na ukuta uliyalinda. Leo mengi yako nje. Alama za vidole vyako ziko serikalini. Namba za watu wako ziko ndani ya simu. Fedha ulizotuma na ulizopokea zimeandikwa katika mashine za kompyuta za kampuni. Hakuna ukuta unaoweza kuyazunguka. Ulinzi wake ni sheria, na ni wewe mwenyewe kujua kusoma na kuuliza.

Hapa nitanyamaza kidogo. Mwalimu aandike sentensi hii ubaoni, nanyi muinakili:

*Habari zangu ni zangu. Anayezitaka apige hodi.*

2. Habari za shingoni

Tuanze na jambo la kale, ambalo babu zetu katika Kenya walilijua vizuri. Ni kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kujiandikisha. Karatasi yake iliandikwa jina, kabila, mahali alikotoka na alama za vidole. Iliandikwa pia jina la mwajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kumaliza, na mshahara. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha bati, na kikasha kikatundikwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita *mbugi*, yaani kengele ya mbuzi.

Kazi ya kipande ilikuwa nini? Ilikuwa kumfunga mtu na mwajiri wake. Mtu akiondoka shambani kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumaliza kazi, hakuweza kuajiriwa kwingine. Akitoroka, alama za vidole zilimfuata. Akikutwa njiani bila kipande, alitozwa faini au alifungwa.

Watu walilalamika. Miongoni mwao alikuwa Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina Nairobi. Alihutubia mikutano juu ya kipande, juu ya kodi, na juu ya wanawake waliolazimishwa kufanya kazi. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Tarehe 16 watu wengi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Polisi walipiga risasi, wakafa watu zaidi ya 20, na mmoja wao alikuwa mwanamke shujaa, Muthoni Nyanjiru. Hata hivyo kipande kiliendelea miaka mingi. Mwaka 1947 ndipo ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Je, kosa la kipande lilikuwa kuandika watu? La. Kila serikali huandika watu wake. Kosa lilikuwa kwamba waliandikwa watu wa rangi moja tu. Waliandikwa kwa faida ya mwingine. Hawakuulizwa, wala hawakuweza kusahihisha kilichoandikwa. Na liko jambo moja ambalo sisi wa darasa hili tusilisahau kamwe: wengi wa waliokivaa hawakuweza kukisoma. Mtu alitembea na maisha yake shingoni, na kila karani aliweza kuyasoma isipokuwa yeye mwenyewe.

3. Serikali ina mpaka

Leo kitambulisho si kengele ya mbuzi. Kwa kitambulisho twapiga kura, twafungua akaunti benki, twapata hati ya shamba. Serikali isiyojua hesabu ya watu wake haiwezi kujenga shule wala kupeleka dawa za kutosha. Kwa hiyo serikali ina haki ya kupiga hodi. Lakini haina haki ya kuingia chumbani ipendavyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yasema kila mtu ana haki ya faragha. Mwili wake, nyumba yake na mali yake visipekuliwe ovyo. Habari za jamaa yake na mambo yake ya binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo lazima. Mawasiliano yake yasiingiliwe. Shikeni maneno haya: pasipo lazima. Kama liko jambo la lazima, kwa mfano kumtafuta mhalifu, sheria yaonyesha njia ya kufuata. Askari mwenye hati ya hakimu amepiga hodi. Askari avunjaye mlango kwa hamu yake hakupiga.

Tazameni mfano. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuandikisha watu wote kwa mpango ulioitwa Huduma Namba. Shabaha yake ilikuwa kuunganisha habari za mtu mahali pamoja, apewe namba moja ya kumtambulisha. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili hiyo iliruhusu pia mambo mawili mazito. La kwanza ni kuchukua vinasaba, ambavyo magazeti huviita DNA. Hizo ni chembe za mwili zinazoonyesha ukoo wa mtu na hata baadhi ya magonjwa yake. La pili ni kuandika alama za setilaiti zinazoonyesha hasa mahali nyumba yake ilipo.

Wananchi wengine waliona kwamba hapo mgeni ameinuka sebuleni na kushika kitasa cha chumbani. Walikwenda Mahakama Kuu. Mmoja wa waliofungua kesi hiyo ni chama cha kutetea haki za Wanubi, watu ambao kwa miaka mingi wamepata taabu kupata vitambulisho. Walikuwa na hofu nyingine pia: kama kila huduma itatolewa kwa namba, itakuwaje kwa mtu asiye na karatasi za kumwezesha kupata namba hiyo?

Mahakimu watatu walitoa hukumu tarehe 30 Januari 2020. Walisema kuchukua DNA na alama za mahali kunavunja Katiba. Mpango wenyewe hawakuukataza, lakini walisema usiendelee mpaka ziwepo kanuni za kutosha za kulinda habari za watu. Baadaye serikali ilianza kutoa kadi. Mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema hatua hiyo haikuwa halali, maana serikali haikupima kwanza hatari zinazoweza kuwapata watu, kama sheria inavyotaka.

Mwaona tofauti ya 1922 na 2020? Malalamiko ya 1922 yalijibiwa kwa risasi. Malalamiko ya 2020 yalijibiwa kwa hukumu iliyoandikwa, na kila ajuaye kusoma anaweza kuisoma.

4. Kampuni nayo ina mpaka

Wengi wetu tukisikia habari za siri huiogopa serikali tu. Lakini Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Tazama mfukoni: kuna simu.

Mathalani, mama mmoja ana shida ya karo. Anasikia kwamba iko programu ya simu inayokopesha bila dhamana. Anaitia katika simu yake. Kabla ya kumkopesha, programu inauliza: naomba kuona namba za watu wako, naomba kusoma ujumbe wako, naomba kujua mahali ulipo. Chini yake pana neno moja: *Nakubali*. Mama ana haraka. Anabonyeza.

Kwa nini kampuni yataka hayo? Ujumbe wa fedha unaonyesha mtu apata kiasi gani na atumia kiasi gani. Kwa hesabu hiyo kampuni hupima kama ataweza kulipa. Na namba za watu, je? Hapo ndipo palipoleta uchungu mwingi Kenya. Mkopaji alipochelewa kulipa, baadhi ya kampuni zilianza kuwapigia ndugu zake, mkwe wake, mwajiri wake, hata mchungaji wake, kuwaambia fulani ana deni. Watu hao hawakukopa kitu, wala hawakumdhamini mtu. Deni la shilingi elfu mbili likamvunjia mtu heshima aliyoijenga miaka ishirini.

Sheria ikaingia. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Kenya ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji hao, na kanuni za mwaka 2022 zikawakataza kuwatisha na kuwaaibisha wakopaji. Tena, tangu mwaka 2019, Kenya ina Sheria ya Kulinda Habari za Watu, na ofisi ya Kamishna anayeisimamia. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna alitoza faini tatu. Kampuni moja ya kukopesha ilitozwa karibu shilingi milioni 3. Mkahawa mmoja ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ruhusa yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Sasa sikilizeni mfano wa pili. Mwezi wa Julai 2023, mpango wa kigeni uitwao Worldcoin ulikuwa ukipiga picha mboni za macho ya watu Nairobi. Aliyekubali alipewa sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Milolongo ya watu ilikuwa mirefu. Vijana wengi hawakuwa na kazi, na shilingi 7,000 ni fedha. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ilivunjwa, ikaamuru picha hizo za macho zifutwe.

Kwa nini jicho lilete kesi kubwa hivyo? Namba ya siri ikiibiwa, utabadili namba. Kitambulisho kikipotea, utapata kingine. Jicho ni lile lile mpaka siku ya kufa. Tena ruhusa ya mtu mwenye njaa anayeonyeshwa fedha si ruhusa kamili. Mgeni anayekurushia shilingi dirishani ili umfungulie mlango hakupiga hodi, amekununua.

5. "Mimi sina la kuficha"

Katika darasa hakukosi mtu asemaye: Mwalimu, mimi ni mtu maskini, sina siri, wachukue tu. Ndugu yangu, huna siri? Huna namba ya fedha zako? Huna ugonjwa uliomwambia daktari peke yake? Huna binti ambaye hutaki mtu asiyemjua ajue shule yake? Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nawe ndiwe mtungi. Chagua kata yako.

Tena kumbukeni hali ya mtu asiyejua kusoma. Zamani akipata barua, alimpelekea jirani amsomee. Kabla ya jua kuchwa mtaa mzima ulijua mwanawe ameandika nini. Siku hizi barua ni ujumbe wa simu. Asiyeweza kuusoma humpa kijana wa dukani, humtajia na namba ya siri, na fedha zikipungua hajui alaumu nani. Ndiyo maana nasema, kujua kusoma si kupata kazi tu. Ni kufunga mlango wako kwa mkono wako mwenyewe.

6. Mambo ya kufanya

Anayekuomba habari zako, muulize maswali matatu, kwa adabu, bila ugomvi:

La kwanza: *Wewe ni nani?* Mtu akikupigia simu akasema yeye ni wa benki au wa kampuni ya simu, usimtajie namba yako ya siri. Mtu wa kweli hahitaji kuijua.

La pili: *Wazitakia nini?* Daktari akiuliza umri wako, iko sababu. Mwenye duka akitaka namba ya kitambulisho ili akuuzie sukari, sababu haipo.

La tatu: *Zitakaa wapi, nani atazisoma?* Mmeona yale madaftari kwenye malango ya majumba makubwa. Mgeni huandika jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, na kila ajaye baada yake huyasoma yote. Una haki ya kuuliza daftari hilo lalindwa namna gani.

Yako na mambo mengine mawili. Mwenye laini ya Safaricom apige *106#. Ataona laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, apeleke habari upesi. Na kabla ya kubonyeza *Nakubali*, soma. Ukiona programu ya tochi yataka kujua namba za jamaa zako, jiulize tochi ina haja gani na shangazi yako.

Na ukikosewa? Sheria ya 2019 yakupa haki ya kuambiwa habari zako zatumiwaje, kuzitazama, kukataa zisitumiwe, na kutaka habari za uongo zisahihishwe au zifutwe. Waweza kumpelekea Kamishna malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo; ukisema, ofisi yake ndiyo itakayoandika. Mtunga sheria aliwakumbuka wasiojua kuandika. Nasi tujitahidi hesabu yao ipungue kila mwaka. Wasikilizaji wetu wa Uganda wana sheria ya namna hii tangu mwaka 2019, na wa Tanzania wana sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Sheria hizi hazitembei zenyewe. Ofisi ni chache, kampuni ni nyingi, na serikali hupenda kujua zaidi ya inavyohitaji. Mpaka wa shamba usiokaguliwa huliwa kidogo kidogo, jirani akilima tuta moja kila mwaka. Mpaka wa faragha ni vivyo hivyo. Anayeukagua ni mwenye shamba.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kipande kilikuwa na habari gani? Kwa nini watu walikichukia?
2. Kitambulisho cha leo kina faida gani? Taja tatu.
3. Kwa nini mahakama ilikataa DNA mwaka 2020?
4. Juma hili umeandika namba ya kitambulisho chako mahali pangapi? Wapi uliambiwa sababu?
5. Mzee mmoja kijijini asiyejua kusoma anataka kutuma fedha. Mtamsaidiaje bila kuijua namba yake ya siri?

Zoezi la kuandika. Andika barua fupi kwa meneja wa kampuni. Mwambie umepokea matangazo yake katika simu. Muulize alipata wapi namba yako, na umtake aifute. Tia jina lako na tarehe. Barua nzuri isomwe mbele ya darasa; lakini mwalimu amwombe ruhusa mwenye barua kwanza.

Kwaherini, na msome vema.